Njia Nyekundu ya Kwenda Ukweni

Sehemu ya sita

Juma lililopita niliwaacha uani kwa Mzee Romani, kule Bonga, nimeshika kofia mkononi, posa yangu imerudishwa kama sahani iliyopelekwa meza isiyo yake.

Kwa mliojiunga leo: mimi ni Damasi wa Nakwa, dereva wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo kanakobeba vitunguu kuliko uwezo wake. Nampenda Fabiola, binti wa Mzee Romani katekista. Nilichelewa kwenye posa yangu mwenyewe. Nilichelewa kwa sababu ya njia ya mabasi.

Kama unaendesha gari Babati, unaweza kuanza kulia hapa hapa, huna haja ya kusubiri nimalize.

Njia yenyewe mnaijua. Walikuja watu wa mradi wenye kofia ngumu. Wakapima, wakapigana picha, wakanywa soda. Walipoondoka, katikati ya barabara yetu kuu palikuwa na njia pana iliyopakwa rangi nyekundu, ya mabasi tu, imezungushiwa kingo za zege zinazofika magotini. Pembeni wakatuachia kijia chembamba sisi wengine wote: malori ya maharage, bajaji, bodaboda, mikokoteni, maiti na maharusi.

Na mabasi? Mabasi ya mikoani yanapita asubuhi, yanapita tena alasiri. Katikati ya hapo njia nyekundu ni ya upepo.

Majukwaa ya abiria nayo wameyajenga upande wa kulia. Milango ya mabasi yetu iko kushoto tangu tuzaliwe. Kwa hiyo abiria anashuka, anaruka ukingo wa zege na mzigo kichwani, anatua mbele ya bodaboda. Jukwaa lake liko upande wa pili, safi, lina paa, wamelala mbuzi.

Lakini tusiwaseme watu waliosoma. Turudi kwenye posa.

Kwenye ukoo wa Mzee Romani posa haianzi kwa kuomba mtoto. Inaanza kwa njia. Mshenga anasimamishwa mbele ya watu, anaulizwa: "Mmekuja kwa njia gani, na njiani mmekuta nini?" Lazima ajibu kweli. Wazee wao wanasema mshenga akidanganya kuhusu njia, atadanganya pia kuhusu bwana harusi.

Mara ile ya kwanza, mshenga wangu, Baba mdogo Konstantini, alijibu kweli. "Tumekuja kwa barabara kuu," alisema, "tukakuta foleni."

"Foleni?" Mzee Romani aliwageukia wazee wenzake. Yeye husafiri kwa baiskeli, na baiskeli inapita popote. "Foleni ipo Dar es Salaam. Babati kuna uvivu."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Halafu Mzee akatoa neno lake la mwisho.

"Jumamosi ijayo, kabla ya kengele ya saa sita. Ikilia hujafika, usihangaike kugeuza gari. Kuna mwingine ameomba kuja siku hiyo hiyo. Mtu anayeshindwa kufika Bonga akitokea Nakwa, binti yangu atamfikisha wapi?"

Hapo ndipo nilipowaacha.

Jumamosi ilipofika nilimfuata Baba mdogo mapema kiasi kwamba alinifungulia mlango na mswaki mdomoni. Alivaa koti lake la kwaya, akapakata ndoo ya asali ya posa kama mjukuu. Kabla hajapanda, alizunguka nyuma ya gari.

"Damasi."

"Naam, Baba mdogo."

"Haya maneno umeandika lini?"

Ni kweli, nilikuwa nimeandika. Baada ya aibu ya juma lile nilimpelekea fundi rangi beti moja, akaipaka kwenye mlango wa nyuma kwa herufi za njano:

*Njia pana ya mabasi, basi halionekani,*
*Tumebanwa kama nyasi, tumefungwa pembezoni,*
*Kuku wapata nafasi, wanadonoa njiani,*
*Nani kaleta mkosi, Babati yetu mjini?*

Vina vimekaa, mizani imetimia. Hata kama unanichukia, hesabu.

"Unakwenda kuposa kwa katekista na maneno haya mgongoni?"

"Posa inaingia kwa mbele, Baba mdogo."

"Na ikitoka?"

Niliwasha gari. Nilikuwa nimelivisha tairi mpya zenye kashata nene, yale meno ya mpira, za kushika barabara hata kwenye tope, ili ukweni wasiseme natembelea vipara. Nawaomba mzikumbuke tairi hizo.

Tulifika karibu na soko tukiwa na muda wa kutosha kwenda Bonga na kurudi na kwenda tena. Kisha tukasimama.

Mbele yetu lori la maharage lilikuwa limekufa. Kwa barabara ya zamani tungelizunguka tukasahau. Sasa kulia kuna ukingo wa zege, kushoto kuna mtaro, na nyuma tayari magari yamejipanga mpaka sikuona mwisho. Na pale kulia, ng'ambo ya ukingo, karibu kiasi cha kunyoosha mkono ukaigusa, njia nyekundu imelala tupu. Kuku mmoja alikuwa akitembea katikati yake polepole, kifua mbele, kama mkaguzi.

Dereva wa bajaji nyuma yetu akatoa kichwa. "Kaka, wewe wa vitunguu! Hiyo beti yako nimeisoma mara nane. Hebu geuza gari nisome upande mwingine, nimechoka."

"Upande mwingine naandika leo," nilimwambia. "Nikifika."

"Basi nitakufa sijaisoma."

Pale pale ukingoni alikuwa amesimama Scola, nimesoma naye shule ya msingi. Siku hizi anavaa reflekta ya mradi na filimbi shingoni, na amefunga kamba kuzuia mlango wa njia nyekundu.

"Damasi, mambo?"

"Yangekuwa poa kama ungeshusha hiyo kamba."

"Njia ya mabasi hii."

"Basi liko wapi?"

"Litakuja."

"Lini?"

"Alasiri."

"Scola, sasa hivi ni saa tano kasoro asubuhi."

"Ndiyo maana tunaiacha wazi. Likija lisikute foleni."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Mshahara ukiwa mzuri, mtu anaweza kusema jambo kama hilo bila kucheka.

Baba mdogo akainama kutoka upande wake. "Binti yangu, hujambo?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tunakwenda kuposa. Ukitushushia kamba mara moja tu, Mungu atakuona."

Scola akatabasamu, uso wote ukafunguka. "Na nyie mnakwenda kuposa? Leo posa zimefuatana! Hata Injinia anakwenda kuposa. Ndiyo maana kamba ni mpya. Kasema asubuhi hii njia iwe wazi kabisa, asichelewe ukweni."

"Injinia gani?"

"Aminiel. Bosi wetu wa mradi."

"Anaposa wapi?"

Nilikuwa najua.

"Bonga. Kwa katekista. Yule dada anayefundisha watoto kuimba, jina lake nani vile... Fabiola."

Baba mdogo alifumba macho. Ndoo ya asali ikalia kidogo mapajani mwake.

Sasa nielezeni, nyie mlioenda shule zaidi yangu. Mtu amechukua barabara yangu, amenifungia pembezoni kama mbuzi wa Krismasi. Kwa sababu hiyo nimechelewa posa. Kwa sababu nimechelewa posa, yeye ndiye aliyepata nafasi ya kuposa. Na anakwenda kuposa kwa kupita kwenye barabara ile ile. Kama huo si mpango, basi ndicho kitu pekee katika mradi ule kilichopangwa vizuri.

"Damasi," Baba mdogo alisema, "usifanye ninachoona unataka kufanya."

Hatua chache mbele ya Scola palikuwa na pengo kwenye ukingo. Saruji iliisha pale, au iliishia kwenye ukumbi wa nyumba ya mtu, mimi sikuwepo. Kirikuu changu ni chembamba. Nilikata usukani kulia.

Filimbi ya Scola ililia. "Damasi! Ukiingia hapo hakuna kutoka mpaka Bonga!"

"Ndiko ninakokwenda!"

Foleni nzima ilipiga honi kwa furaha. Yule wa bajaji alisimama juu ya kiti chake. "Mwandike na huyo!" alipiga kelele. Sikujua anamsema nani, ila nilipunga mkono.

Wasomaji, niseme kweli. Njia ile ni tamu. Haina shimo wala bodaboda, na hakuna mtu anayekatiza na sinia la ndizi. Nilikanyaga mafuta, upepo ukaingia dirishani, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini wakubwa wanapenda kutujengea vitu tusivyovitumia. Vinabaki vipya kwa ajili yao.

Baba mdogo alikuwa ameshikilia ndoo kwa mikono miwili. "Tutafungwa," alisema.

"Tutawahi."

"Tutawahi kufungwa."

Tulikuwa tumekaribia Bonga nilipotazama kioo cha pembeni. Nyuma kabisa, dogo kama punje ya mchele, gari jeupe la mradi linakuja. Limewasha taa mchana kweupe. Aminiel alikuwa ameingia njiani mwake.

Niliongeza mwendo. Kagari kakaanza kutetemeka mpaka meno ya Baba mdogo yakawa yanagongana katikati ya sala.

Kisha mbele yetu njia nyekundu ikawa nyeupe.

Mahindi.

Kuna jambo moja wenye mradi hawakulijua. Ile rangi nyekundu inashika joto kuliko bati. Akina mama wa Bonga waligundua hilo siku ya kwanza. Na kwa kuwa wanajua basi linapita saa ngapi kuliko anayeliendesha, wakishaona la asubuhi limepita wanafagia, wanamwaga mahindi yao, wanayasambaza kwa miguu, wanarudi nyumbani kupika. Alasiri kabla basi halijaja wanayazoa. Mamilioni yametumika, na Babati imepata uwanja bora wa kuanikia mahindi katika nchi hii. Siwalaumu. Ndilo tumizi pekee la njia ile lenye akili.

Yalikuwa yametandazwa ukingo hadi ukingo, urefu wa kiwanja cha mpira. Hakukuwa na mtu. Ungo mmoja umeegemezwa kwenye zege, basi.

"Simama," alisema Baba mdogo.

Nilipunguza mwendo. Kulia zege, kushoto zege. Kurudi nyuma ni kumrudia Aminiel.

"Baba mdogo, tukishuka tuyazoe, kengele italia."

"Na ilie. Chakula hakikanyagwi."

"Ni ya nani? Nani kamwambia aanike barabarani? Hii ni njia ya mabasi."

Baba mdogo aligeuka akanitazama, na naapa alitabasamu. "Kumbe unajua kuwa ni njia ya mabasi."

Nilitazama kioo. Punje ya mchele imekuwa yai.

Nilimwona Aminiel ameketi uani kwa Mzee Romani, miguu imekunjwa vizuri, anakunywa chai kwenye kikombe ambacho Fabiola ameshakisuuza kwa ajili yangu. Nilimsikia Mzee akisema neno "uvivu".

Nikakanyaga mafuta.

Sauti ile bado ninayo. Ilikuwa kama watu wengi wameketi chini ya gari wanatafuna mahindi ya kukaanga kwa pamoja, hawasemi, wanatafuna tu. Ilichukua muda. Punje zilirukia tumbo la gari, nyingine zikaingia dirishani, moja ikaanguka juu ya kifuniko cha ndoo ya asali. Baba mdogo aliichukua kwa vidole viwili. Hakuitupa. Aliitia kwenye mfuko wa koti la kwaya.

Tulipotoka upande wa pili nilitazama kioo tena. Gari jeupe limesimama. Limesimama kwenye ukingo wa mahindi, na mtu mwenye suti anashuka.

Nilicheka kwa sauti. "Kasimama! Baba mdogo, ona, mjinga kasimama! Njia kajenga mwenyewe, na mahindi yamemshinda!"

Baba mdogo hakutazama. Alishusha kioo chake, akatema ugoro, akapandisha kioo.

Nilifika. Ndugu zangu, nilifika! Kengele haijalia, jua halijafika utosini, na Mzee Romani mwenyewe alikuwa mlangoni ameshika baiskeli yake, mdomo wazi. Niliegesha gari matako yakitazama migomba, ili maandishi yasomwe na migomba peke yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Damasi. Marahaba." Alitazama jua, akanitazama mimi. "Leo hakuna foleni?"

"Leo uvivu haukuamka, Baba."

Alicheka. Mzee Romani alicheka kwa neno langu, akanishika bega! Wazee waliokuwa kwenye viti wakasogea, tukapewa nafasi mbele. Viti vyenye migongo. Mara ile ya kwanza nilipewa kigoda.

"Mshenga," Mzee alisema, "karibu. Swali la njia nitakuuliza, lakini mama wa binti hajaketi, na bila yeye hatuanzi. Amekwenda barabarani kutazama mahindi yake. Anarudi sasa hivi."

Niliacha kuegemea mgongo wa kiti.

"Mahindi?" niliuliza.

"Ya sherehe," alisema Mzee kwa fahari. "Amesema yeyote atakayemchukua Fabiola, iwe leo au mwakani, ugali wa harusi utatoka shambani kwake mwenyewe. Mwezi mzima anayachambua punje kwa punje. Leo ndiyo siku ya mwisho kuyaanika."

Baba mdogo aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Akauacha humo.

Fabiola alitoka jikoni na birika. Alipita mbele yangu, akapiga goti kidogo kwa wazee, na alipofika kwangu alininong'oneza bila kusogeza midomo: "Umewahi."

"Nilikuambia."

"Umepita wapi?"

Kabla sijapata uongo wa kutosha, nilimwona amekodoa macho nyuma yangu. Nikageuka.

Kuku wa Mzee Romani walikuwa wamezunguka tairi langu la mbele. Mmoja anachokonoa kashata kwa mdomo, kidogo kidogo, kama fundi saa. Anatoa punje nzima. Anameza. Anachokonoa tena. Jogoo alikuja, akaonja, akawaita wengine kwa ile sauti ya majogoo wanapogawa riziki. Wakaja wote. Wengine wakaenda tairi la nyuma.

Mahindi yale yalikuwa na unyevu kidogo bado, na tairi zangu mpya, zenye kashata nene, zilikuwa zimeshika barabara kama nilivyozilipia.

Fabiola alinitazama. Mwanamke anaweza kukusoma ukurasa mzima kwa kope moja. Aliweka birika chini, akaenda kwenye gari akijifanya anafuata kuni, akapunga kanga yake. "Shii! Shii!" Kuku wakatawanyika. Akageuka nyuma. Kuku wakarudi.

"Waache kuku, mwanangu," Mzee alisema. "Leo kuna wageni, nao wafurahi."

"Wanachafua gari la mgeni, Baba."

"Gari ni la vitunguu hilo. Waache."

Hapo ndipo tuliposikia mlio wa mtu anayelia huku anatembea.

Mama Fabiola aliingia uani na ungo kichwani. Ndani ya ungo kulikuwa na unga, ila si unga wa mashineni. Nyuma yake akaingia Aminiel. Suti yake ilikuwa nyeupe magotini, tai ameifunga kichwani kuzuia jasho, na begani amebeba gunia. Gunia lenyewe lilikuwa nusu.

Mtu wa mradi, mwenye njia, alikuwa amepiga magoti kwenye njia yake mwenyewe, akazoa mahindi ya mama mkwe wangu kwa mikono.

"Jamani!" alisema Mama Fabiola. "Mtu kapita juu ya mahindi ya mwanangu! Kapita katikati, hata kukwepa hakukwepa! Nimekuta yamekuwa unga. Kama si kijana huyu aliyesimama akanisaidia, hata hiki kilichobaki kingepeperuka."

"Nani?" Mzee Romani alisimama. "Nani amefanya hivyo?"

"Sikumwona. Nilikuwa mbali. Huyu ndiye aliyekuwa nyuma yake."

Uso wa kila mtu ukageukia kwa Aminiel. Wangu ukaenda mwisho.

Alishusha gunia polepole. Alipangusa mikono. Alinitazama moja kwa moja, kisha akatazama kagari kangu kando ya migomba, na akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshinda mpira na bado anaomba msamaha kwa bao.

"Mzee, mimi sikuona vizuri," alisema. "Kulikuwa na jua. Na mtu mwenyewe huenda alikuwa na haraka yake. Tumwache tu."

Angenitaja ningemrukia, nikampiga, nikapigwa, mambo yakaisha. Amenisitiri! Hasira yangu yote ikabaki mikononi kama mzigo usio na mwenyewe.

"Amestahili chai," alisema Mama Fabiola. "Kachelewa kwa ajili yangu. Fabiola, mpe kiti huyu kijana."

Viti vyenye migongo vilikuwa vimekwisha. Nilianza kunyanyuka. Hakuna aliyeniambia niketi.

Mzee Romani hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama kuku. Alitazama ungo wa mkewe, akatazama kuku tena, na akaanza kutembea kuelekea kwenye gari langu, mikono nyuma, kwa mwendo wake wa kuzunguka kanisani kabla ya ibada. Alipita tairi la mbele. Alipita tairi la nyuma. Akapotelea upande wa migomba, tusikomwona.

Kisha sauti yake ya katekista, ile ya kusoma masomo ya Jumapili, ikaja kutoka migombani, taratibu, akitua kwenye kila mkato:

"Kuku wapata nafasi... wanadonoa njiani..."

Mzee mmoja alicheka akidhani ni wimbo. Mwenzake akamkanyaga mguu.

Mzee Romani alirudi. Hakunitazama. Alivuta kiti chake, akaketi, akaweka mikono magotini.

"Mama wa binti amefika," alisema. "Tuanze. Konstantini, simama."

Baba mdogo alisimama. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Mshenga, unalijua swali. Mmekuja kwa njia gani, na njiani mmekuta nini?"

Baba mdogo alivua kofia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye mfuko wa koti, na nilijua vidole vyake vimeshika nini. Akinitetea, atakuwa mshenga aliyedanganya kuhusu njia. Akisema kweli, nimekwisha.

"Romani," alianza, "njia tuliyokuja nayo..."

"Baba," Fabiola alisema.

Wote tuligeuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya tairi langu, kuku wamemzunguka kana kwamba wanamjua mhudumu wao. Alisimama. Alikuja mpaka katikati ya ua, akapita mbele ya Aminiel, akapita mbele yangu, akasimama kati ya baba yake na mshenga. Binti hasemi kwenye posa yake. Hajawahi kusema hata mmoja kwenye ukoo ule.

"Baba mdogo Konstantini apumzike," alisema. "Swali hilo nitajibu mimi."

Alinyoosha mkono mbele ya mama yake, akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na punje za mahindi, nyingine nzima, nyingine zimesagika, zote na vumbi jekundu la tairi.

Nilimtafuta macho. Hakuniangalia. Sikujua kama amekuja kunitoa au kunizika.

Kule kanisani kengele ya saa sita ikaanza kulia. Tangu waijenge ile njia, hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kufika mapema.